Kisima cha pili kilisubiri mwamba upasuke

Kuchoronga kisima kwenye mwamba wa moto ni kazi inayojulikana. Ugumu uko kwenye kisima cha pili, kinapotakiwa kukutana na nyufa ambazo hakuna aliyeziona, zaidi ya kilomita mbili chini ya ardhi. Hicho ndicho walichokifanya wahandisi wa Utah FORGE, kituo cha utafiti wa jotoardhi karibu na mji mdogo wa Milford, Marekani.

Katika eneo la jotoardhi la Olkaria, Kenya, maji ya moto hupita kwenye nyufa za asili. Graniti ya Milford ina joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, lakini imeshikana mno. Kisima cha kwanza, 16A, kilishuka wima kisha kikainamishwa digrii 65. Aprili 2022 maji yakasukumwa kwa nguvu kwenye ncha yake, awamu tatu, ili kuupasua mwamba na kuyafungulia maji njia kati ya visima viwili. Kila ufa uliofunguka ulitoa mtetemo mdogo ambao mtu aliyesimama juu hawezi kuuhisi, na jiofoni, yaani vipokea-mtetemo, zilizoteremshwa kwenye visima vya jirani zikaunasa.

Hapo ndipo penye ufundi. Katika graniti, wimbi la msukumo husafiri takriban kilomita 5.8 kwa sekunde, na lile la mkato takriban 3.4. La kwanza likitangulia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtetemo ulitokea kama mita 800 kutoka kwenye jiofoni. Ukikosea kasi hizo kwa asilimia 5 tu, nukta inayowakilisha mtetemo huo inahama mita 40 kwenye ramani. Na kisima cha pili kilipangwa kupita takriban mita 100 tu juu ya cha kwanza! Ramani zenye wingu la nukta huvutia macho, lakini kwangu mimi kazi kubwa ilikuwa kuzipima vizuri kasi za mawimbi kabla ya kuamini hata nukta moja.

Mwaka 2023 wakachoronga 16B, njia yake ikiwa imechorwa ipite ndani ya wingu hilo. Uamuzi wa kusubiri ulikuwa sahihi: wangechoronga visima vyote viwili kwanza, wangekuwa wanakisia tu nyufa zitaelekea wapi. Hata hivyo, nukta huonyesha mahali mwamba ulipovunjika, si mahali maji yatakapopita. Jaribio la kuzungusha maji la Julai 2023 lilionyesha kwamba visima vimeungana, ila maji yaliyorudi yalikuwa machache.

Aprili 2024 mwamba ukapasuliwa tena. Safari hii 16B kilikuwa na kebo ya nyuzi za kioo inayohisi mwamba ukisogea, iliyofungwa kwa saruji nyuma ya mabomba yake, hivyo nyufa zilizotoka 16A zilionekana zikikifikia huku pampu zikiendelea kusukuma. Miezi michache baadaye maji yalizungushwa kati ya visima hivyo kwa takriban mwezi mzima, na sehemu kubwa yake ikarudi juu ikiwa ya moto.