"Cool", Poa na Mwili Uliopoa: Neno Moja katika Shairi la Gwendolyn Brooks

Kuna kauli iliyozoeleka miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi, kwamba neno la mitaani halina nafasi katika tafsiri ya shairi. Katika makala haya nanuia kuipinga kauli hiyo kwa kulitazama neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "cool". Ni neno dogo, hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Lakini mtafsiri akilikurupukia, litamtoa jasho.

Hebu tuanze na maana zake. Maana ya msingi inahusu joto: ule ubaridi wa kadiri, kama wa maji ya mtungini, usiomtetemesha mtu. Kutoka hapo neno limesafiri mbali. Mtu asiyepaparika ni "cool", na Waingereza humfananisha na tango. Mapokezi yasiyo na uchangamfu nayo ni "cool". Aliyengojeshwa barazani kwa mkubwa mpaka akachoka, husemwa kuwa amepoza visigino. Basi neno lile lile linasifu huku, linalaumu kule.

Hata pesa nazo zina ubaridi wake. Katika Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1860 na 1861, mhunzi Joe anamweleza Pip juu ya pauni 4,000 ambazo Miss Havisham amemwachia Matthew Pocket. Joe anashikilia kwamba pauni hizo ni "cool". Pip anashangaa Joe ameutoa wapi ubaridi huo, ila anagundua kwamba machoni pa Joe unazifanya pesa zionekane nyingi zaidi. Dickens anatuchekesha, lakini pia anatufunza. Msemaji hapa anapima msimamo wake mbele ya jambo kubwa: anataja utajiri kana kwamba anataja bei ya mchicha.

Huko Marekani, msimamo huo ulipata uzito mwingine katika usemi na muziki wa Wamarekani Weusi. Mwaka 1949 na 1950, Miles Davis na wenzake walirekodi jazi mjini New York, ambayo ilikusanywa mwaka 1957 katika santuri iitwayo Birth of the Cool. Mwaka 1973, mtaalamu wa sanaa Robert Farris Thompson aliandika katika jarida la African Arts juu ya dhana hii, akaihusisha na "itutu" ya Wayoruba, yaani ule utulivu wa mtu mwenye hekima unaoonekana hata katika uchezaji wa ngoma. Kwa mtu aliyeishi chini ya ubaguzi wa rangi, utulivu ulikuwa pia ngao. Kuonyesha hasira mbele ya polisi kungeweza kumgharimu maisha. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mhakiki anapokutana na "cool" ana wajibu wa kuuliza: je, moto uko wapi?

Sasa tuje kwenye shairi. Gwendolyn Brooks, mshairi wa Chicago, alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950. Shairi lake "We Real Cool" lilichapishwa mwaka 1959, likaingia katika diwani ya The Bean Eaters mwaka 1960. Lina maneno 24 tu, kila moja silabi moja. Wasemaji ni vijana saba walio katika ukumbi wa kuchezea pool. Wanajigamba kwamba shule wameiacha, wanazurura usiku, wanakunywa. Jigambo lao la mwisho ni kifo chao wenyewe. Kiwakilishi cha "sisi" kinaning'inia mwishoni mwa kila mstari isipokuwa wa mwisho, na Brooks alieleza kwamba yeye hukisoma kwa sauti ya chini, maana vijana hao hawana hakika na nafsi zao.

Je, "cool" hapa tuifasiri vipi? Wapo watakaosema "watulivu". Jamani, vijana gani wa mtaani watajisifu kuwa ni watulivu? Hiyo ni sifa ya kuandikwa na mwalimu kwenye ripoti ya shule. "Shwari" inanukia bahari. Isitoshe, kichwa cha shairi chenyewe kimeacha kitenzi ambacho sarufi ya darasani ingekidai. Tukiwavisha vijana hawa Kiswahili sanifu kilichopigwa pasi, tumewarudisha kwa nguvu katika shule waliyoiacha.

Mimi nachagua "poa". Najua nitajibiwa kwamba neno hilo limechuja, kwamba kila mtu akiulizwa "mambo?" anajibu "poa" bila hata kufikiri. Ni kweli, na hapo ndipo nguvu yake ilipo! Mfukoni hamna kitu, nyumbani kuna mgonjwa, jibu ni poa tu. Hiyo ni ngao ile ile.

Kisha tutazame kitenzi chenyewe, "kupoa". Homa ikipoa tunashukuru. Lakini biashara ikipoa tunalia njaa, na mtu akiulizwa "mbona umepoa leo?" anaulizwa ana huzuni gani. Na aliyekata roho, baada ya muda tunasema mwili umeshapoa. Basi msomaji wa Kiswahili akikutana na "poa" mwanzoni mwa shairi, kifo cha mwishoni kimekwisha kaa ndani ya neno la majigambo. Kiingereza cha Brooks kinamngojesha msomaji. Chetu kinamnong'oneza mapema.

Hasara zipo. Silabi moja moja hatutazipata, na kiambishi "tu-" hakiwezi kukatwa kikaachwa kinaning'inia mwishoni mwa mstari. Itabidi tutumie "sisi", neno zito kuliko lile la Brooks. Hayo ni mambo ya fani, na mtafsiri hodari atahangaika nayo.

Suala la neno ni zito zaidi, kwa sababu linahusu watu. Vijana wa vijiweni tunawapita kila siku, na ni rahisi kuwaita wahuni na kuendelea na safari ya maktaba. Brooks alisimama akawasikiliza wale wa kwao, akawaachia lugha yao. Tukiikataa "poa" ati kwa sababu ya heshima ya ushairi, tutakuwa tumetafsiri shairi lao bila kuwaruhusu waseme. Anayeona vingine na achukue kalamu, tumsome.