Uhakiki wa Uainishaji wa Ripoti za Ajali za Ujenzi kwa Kompyuta

Utafiti wa Goh na Ubeynarayana (2017) ni miongoni mwa kazi zinazorejelewa katika mjadala wa kutumia uchakataji wa lugha asilia kutathmini usalama wa maeneo ya ujenzi. Wataalamu hao walikusanya maelezo 1,000 ya ajali kutoka wakala wa usalama na afya kazini wa Marekani, wakayapanga kwa mkono katika makundi 11, kisha wakalinganisha kanuni sita za ujifunzaji wa mashine kwa kuzijaribu katika maelezo 251. Sifa kubwa ya kazi hiyo ni uaminifu: matokeo hafifu hayakufichwa nyuma ya wastani.

Hapo ndipo penye hoja. Kanuni iliyopendekezwa kwa wepesi wake, ambayo husoma neno mojamoja, katika kundi mojawapo ilibaini asilimia 36 tu ya ajali zilizostahili kuwamo. Kwa mtafiti, hiyo ni kasoro ya kipimo. Kwa mkaguzi anayepanga ziara zake kwa kufuata takwimu hizo, ni ajali nyingi za aina hiyo kupotea, na vibarua wanaokabiliwa na hatari ileile kubaki bila kinga.

Uchache wa mifano huenda ulichangia, lakini lipo pia suala la kiisimu. Maneno yakishatenganishwa, uhusiano wa mtenda na mtendwa hupotea. Kwa Kiingereza, kreni kugonga jukwaa na jukwaa kugonga kreni huweza kuandikwa kwa maneno yaleyale, yakitofautiana kwa mpangilio tu. Kiswahili hakipotezi kirahisi hivyo: “iligonga” na “liligonga” hubeba ngeli ya mtenda, na “hakufunga mkanda” hubeba ukanushi ndani ya kitenzi chenyewe. Hata hivyo, utajiri huo una gharama. “Alianguka”, “ameanguka”, “aliyeanguka” na “walipoanguka” huhesabiwa kuwa maneno manne yasiyohusiana, isipokuwa uchanganuzi wa mofimu utangulie.

Kwa hiyo, anayekusudia kuleta mfumo huu Tanzania kwa kutafsiri kwanza ripoti za Kiswahili kwa Kiingereza atakuwa ametupa viambishi vinavyoeleza nani alitenda na nini hakikutendwa, yaani mambo mawili ambayo mkaguzi huyatafuta kwanza.