Sifa za Waya Mfupi

Asubuhi ya sikukuu ya mavuno hapa Maretadu, kabla magunia ya mahindi na majogoo wa mnada hayajafikishwa mbele ya madhabahu, mpiga solo wa kwaya huwa keshapiga magoti sakafuni. Miaka iliyopita alikaa hivyo hata nusu saa. Nyaya zake ndefu za kuunganisha pedali za gitaa, kila mmoja mita nzima, zilijiviringa kama utumbo wa mbuzi. Avute huu, uchomoke ule, na waimbaji wamesimama ndani ya majoho wakimsubiri. Mwaka huu alitua ubao mmoja, akachomeka waya wa gitaa, wa spika na wa umeme, akasimama.

Ubao ule tuliuunda pamoja. Kijana huyu huniita mwalimu tangu akiwa kwaya ya watoto, na alipokuja na pedali zake tatu, tyuna ya kulinganisha nyuzi, distosheni ya kukwaruza sauti na mwangwi wa kuirudia, ndani ya mfuko wa rambo nilimwambia tuanze na mbao, si na umeme. Tulipata kipande cha msindi, tukakipiga randa, tukazipanga pedali juu yake bila kufunga chochote, akakanyaga kila moja akiwa amevaa kiatu chake cha Jumapili. Kiatu ndicho kinachopima nafasi. Kisha tukazifunga kwa mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli, ambao unashika sawasawa na unafunguka pedali ikiugua.

Sauti kwenye pedali nyingi huingilia kulia na kutokea kushoto, kinyume na tunavyosoma kitabu. Kwa hiyo tyuna ikakaa kulia kabisa, maana inataka kusikia uzi wa gitaa ukiwa safi. Ikafuata distosheni, mwisho mwangwi. Mwangwi ukitangulia, distosheni inausaga pamoja na noti mpya, na solo yote inakuwa uji.

Kazi ninayoipenda ni kutengeneza waya wa kuunganisha pedali na pedali. Unapima kwa uzi kutoka tundu hadi tundu, unaongeza upana wa vidole viwili ili waya usivutike, unakata. Wetu ulikuwa na sentimita 15. Kofia ya jeki, yaani plagi ya mwisho wa waya, unaivisha kwanza. Anayeisahau hufumua kazi yote. Unamenya ganda la nje kwa wembe, taratibu, mpaka nywele za shaba zinazouzunguka waya wa kati zionekane hazijakatika. Unazisokota kando. Chuma cha kulehemu kikishapata moto unapasha shaba yenyewe, si risasi, na shaba ikiiva risasi inayeyuka na kuingia bila kulazimishwa, inang'aa kama tone la maji. Waya wa kati unakwenda kwenye ncha ya jeki, nywele za nje kwenye shina. Unywele mmoja ukigusa ncha, gitaa linakuwa bubu.

Ufupi huo si urembo. Gitaa la umeme la kawaida hutoa mkondo dhaifu sana, na kila mita ya waya inayoongezeka hula kidogo sauti zile kali za juu. Wanaomkumbuka Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwana wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, wanajua solo ya kwetu hukaa wapi: juu, peupe, kila noti imesimama peke yake. Kwaya zetu zimerithi masikio hayo. Ukimnyima mpigaji sauti za juu, umemnyima lugha.

Umeme ulitutoa jasho. Pedali hizi zinataka volti 9, na tundu lake lina hasi katikati, wakati adapta nyingi za vifaa vingine zina chanya katikati. Ukikosea unaweza kuunguza. Hata betri ya sola ya volti 12 haichomekwi moja kwa moja kwenye pedali hizi. Tulijaribu adapta moja yenye matawi matatu: tyuna na distosheni zikatulia, lakini mwangwi, ambao ni wa kidijitali, ukaleta mluzi mwembamba. Tukaupa adapta yake, zote mbili tukazifunga chini ya ubao kwenye ekstensheni ndogo. Nyaya za umeme zikapita ukingo wa nyuma, mbali na za sauti. Umeme wa gridi nchini kwetu hutetema mara 50 kwa sekunde, karibu kabisa na noti ya G ya chini ya gitaa la besi, na ukipenya kwenye sauti unavuma chini ya kila wimbo kama mtu asiyejua ufunguo.

Ibada ilipoanza, kabla ya wimbo wa kwanza, spika zilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia upepo kwenye bati. Kijana hakutazama miguu yake. Alimtazama mwongoza kwaya, mguu ukaenda wenyewe kushoto, mwangwi ukafunguka, na akina mama wa safu ya mbele wakaanza kusogea na vikapu vyao vya maharage. Mchana alichomoa nyaya tatu, akaufunika ubao kwa kitenge cha mama yake, akaufunga nyuma ya bodaboda.