Wiki Kadhaa Ndani ya Dansi Moja

Riwaya fupi ya Louise de Vilmorin, Madame de, ilichapishwa Ufaransa mwaka 1951, na mwaka 1953 Max Ophüls akaitolea filamu. Kisa kinazungukia hereni. Mke wa jenerali anaziuza kisirisiri alipe madeni, sonara anamuuzia tena mume, mume anamtunuku hawara wake. Zinafika Constantinople, zinanunuliwa na baroni wa Kiitaliano, Donati, naye anakuja kumpenda mke yuleyule. Wachambuzi wengi huzifuata hizo hereni. Mimi hunivutia zaidi pale penzi linapochipuka.

Mwongozaji mwingine angetupa matukio sita: barua, bustani, machozi. Ophüls anawaingiza Danielle Darrieux, anayeigiza mke, na Vittorio De Sica, anayeigiza Donati, ukumbini, wanacheza walsi, basi. Wanazunguka, kamera inazunguka nao, wacheza dansi wengine wakiwapita mbele. Katikati ya mzunguko picha inayeyukia nyingine: wawili ni walewale, muziki ni uleule, ila gauni limebadilika. Usiku mwingine huo. Anayetaka kujua siku ngapi zimepita asikilize maongezi, kwani kila mara wanatajiana muda tangu waonane mwisho, nao unazidi kufupika. Donati anauliza habari za jenerali. Anajibiwa kwa adabu. Hawabusiani, na hakuna anayetamka neno mapenzi.

Ujanja uko kwenye sauti. Walsi ya Oscar Straus haikatiki, kwa hiyo sikio linakubali kwamba usiku ni mmoja huku jicho likiona siku zinapita. Ukiizima sauti, mishono yote inaonekana.

Kisha ukumbi unapwaya, wanamuziki wanachoka, mtumishi anazima mishumaa mmoja mmoja. Wawili bado wanacheza. (James Mason, aliyeigiza filamu mbili za Ophüls Marekani, alimtungia shairi la utani kuhusu kamera yake isiyotulia, ila hapa kutotulia huko kuna kazi ya kufanya.)

Baadaye mke anachana barua alizoandika bila kuzituma, anazirusha dirishani mwa treni, na vipande vinageuka theluji. Watu huisifia sana picha hiyo. Ni nzuri, lakini inajionyesha. Unamwona fundi akifanya kazi. Kwenye walsi, Darrieux ameshapenda kabla hujajiuliza lini.