Koti la Maji au Kuta Mbili? Uhakiki wa Istilahi za Chombo cha Kujazia Shira

Mtunga istilahi hana budi kukijua kitu kabla hajakipa jina. Kanuni hiyo ni kongwe, lakini husahauliwa mara nyingi miongozo ya ufundi inapotafsiriwa. Makala haya yanakusudia kuipima kanuni hiyo kwa chombo kimoja kidogo, ambacho watengenezaji wa shira ya mti wa mepli, huko Vermont nchini Marekani na Quebec nchini Kanada, hujiundia nyumbani kwa kazi ya kujaza chupa.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Utomvu wa mepli ni mwepesi kama maji. Yapata lita 40 huchemshwa ili ipatikane lita 1 ya shira. Shira hutiwa chupani ingali na joto lisilopungua nyuzi 82 za sentigredi, ili isiingie kuvu wala kuchacha. Lakini joto likizidi nyuzi 88 hivi, chembe za madini hujitenga na kuichafua. Na moto ukikigusa chombo moja kwa moja, shira ya chini huungua. Kwa hiyo fundi hukitia chombo cha shira ndani ya kingine kikubwa zaidi na kujaza maji katikati. Moto huyapasha maji, nayo maji huipasha shira taratibu. Bomba lenye koki hupenya kuta zote mbili kwa chini.

Sasa tuyapime maneno yanayomjia mfasiri aliyeshika Kiingereza akaiacha kazi ya chombo.

(a) Koti la maji. Waingereza wameyalinganisha maji yanayozunguka chombo na vazi. Msemaji wa Kiswahili asikiapo koti la maji hufikiri koti la mvua. "Kuta mbili" humwonyesha fundi umbo analotakiwa kulitengeneza.

(b) Mashine ya makopo. Hapa hapana kopo, wala mashine. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba neno hilo la Kiingereza hutumika pia kwa sufuria ya presha, ambayo hufungwa kabisa. Fundi akidanganywa na jina akaziba nafasi ya maji bila kuacha tundu la kutolea mvuke, anaunda bomu. Kwani maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,500. Twapendekeza "kijazio", kwa kufuata mfano wa kifungio na kichujio.

(c) Sharubati. Hicho ni kinywaji. Wapishi wa pwani wanalo neno shira, maji ya sukari yaliyochemshwa yakawa mazito, ambamo kaimati huchovywa. Hatuna sababu ya kukopa kwingine wakati jikoni mwetu mna akiba.

(d) Kuunganisha. Kitenzi hiki si kosa, lakini kinaficha jambo. Kulehemu ni kushikiza kwa madini yaliyoyeyushwa, na lehemu ya zamani ilikuwa na risasi, ambayo ni sumu na huweza kuingia katika shira. Kuchomelea ni kuyeyusha vyuma vyenyewe vikashikana. Mwongozo wa chombo cha chakula useme wazi: chuma kisichoshika kutu, kilichochomelewa.

Huenda pakawa na hoja kwamba "kijazio cha kuta mbili" ni refu mno kwa ulimi wa karakana. Hoja hiyo ina uzito, na mafundi wakilifupisha kuwa kijazio, hatutawalaumu. Ufupisho wa aina hiyo hufanywa na watu wanaokifahamu chombo. Lakini mwongozo husomwa na asiyekifahamu bado. Huyo hana kinga nyingine ila maneno aliyopewa. Kwake, istilahi yenye makosa yaweza kuwa shira iliyoungua, chupa yenye sumu, au mikono iliyobabuka.