Nani Anamsikia Preetham?

Mwanamume msemaji ni mtihani mgumu kwa mtunga filamu za mapenzi. Akishatamka kwamba anapenda, muda uliobaki ajaze nini? Yogaraj Bhat, mwongozaji wa Mungaru Male, filamu ya Kikannada iliyotoka mwishoni mwa Desemba 2006, aliutaka mtihani huo mwenyewe. Shujaa wake, Preetham, hanyamazi. Ganesh anayemwigiza alikuwa ametokea kwenye vichekesho vya televisheni, na ulimi wake unakimbia kama maji ya mtelemko. Bhat akamwachia aseme atakavyo, kisha akamwondolea wasikilizaji mmoja mmoja. Hapo ndipo ninapouona ufundi wa filamu hii.

Preetham anamwona Nandini (Pooja Gandhi) jijini Bangalore, macho yanamganda, naye anatumbukia kwenye chemba iliyo wazi. Msichana anamwokoa, na saa yake ya mkononi yenye umbo la moyo inaishia kwa kijana. Baadaye Preetham anamsindikiza mama yake hadi Madikeri, mji wa milimani wilayani Kodagu, kwenye harusi. Bibi harusi ni yule yule. Imebaki wiki moja, na mwenyeji wao, Kanali Subbayya, ndiye baba wa binti. Kanali hasikii vizuri.

Mwanzoni uziwi huo unachekesha. Anant Nag anauigiza kwa uso mtulivu kabisa, na mtazamaji anacheka bila kujua kwamba anatayarishwa. Maana inafika asubuhi Preetham anaamua kusema kweli. Anatoka na mzee kwenda kukimbia, maneno yako tayari mdomoni, lakini mzee ndiye anayetangulia: moyo wake ni mgonjwa, huenda akafa wakati wowote, na haja yake pekee ni kumwona Nandini ameolewa na mchumba wake, Gautam. Asiyesikia amekuwa msemaji, na msemaji amebaki na masikio. Filamu nyingi za familia humweka baba mlangoni na fimbo. Hapa hakuna aliyekataa chochote, kwa sababu hakuna aliyeombwa. Kijana amefungwa na heshima yake mwenyewe, na kifungo hicho kinauma kuliko fimbo.

Halafu kuna mvua, ambayo jina la filamu limeichukua: mungaru ndio msimu wa mvua za kusi, na male ni mvua. Ni upepo ule ule wa kusi tunaoujua pwani yetu. Huvuka bahari, hugonga milima ya Ghats Magharibi, na huko humwaga maji kwa miezi. Kupiga picha katika hali hiyo ni kazi ya subira. Mvua ikimulikwa kutoka mbele karibu haionekani. Mwanga lazima utoke nyuma ya matone ndipo yang'ae. Wingu nalo hulainisha nyuso na kufuta vivuli, lakini hubadilika dakika hadi dakika, na kipande kilichopigwa asubuhi hugoma kuungana na cha alasiri. Mpiga picha S. Krishna aliupokea mwanga huo wa kijivu, na kijani cha milima kikakolea mpaka unahisi baridi.

Katika masimulizi, kazi ya mvua ni kuchelewesha. Vijana wanakwenda stesheni kuwapokea marafiki wa Nandini kutoka Mumbai, treni imechelewa kwa saa tano, wanapanda hadi hekalu la mlimani, na wakishuka mvua inawashika. Wazee wawili wanawapa hifadhi kibandani. Preetham anachukua chupa za tembo, anatoka nje na kunywa huku akilowa. Nandini anamfuata na mwavuli. Baada ya maneno yote yale, mlevi huyu anamwambia kwamba ni heri akae mbali naye. Maneno hayo ya kujitenga ndiyo yanayofika moyoni mwa msichana. Naliona tukio hili kuwa bora kuliko yote.

Jibu lake Nandini analitoa juu ya maporomoko ya Jog, mto Sharavathi unapodondoka mita 253. Kwa ramani, Jog iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Madikeri, na bwawa la Linganamakki hushika sehemu kubwa ya maji yake. Nje ya msimu wa mvua, maporomoko hukonda. Watalii huyatazama kutoka upande wa pili. Bhat aliwapeleka wapenzi wake kileleni, ukingoni mwa maji.

Kasoro ninayoiona ni Jaanu, mshindani mwenye genge, anayetumika kuleta ngumi na baadaye kumpa Preetham nafasi ya kumwokoa Gautam. Ni njia ya mkato. Nyimbo, kinyume chake, zinabeba mzigo wa hadithi. Mano Murthy alizitungia muziki, na mwandishi wa hadithi fupi Jayanth Kaikini akaandika wimbo "Anisutide", ulioimbwa na Sonu Nigam. Filamu ilikaa zaidi ya mwaka katika jumba moja la sinema mjini Bangalore, na mwaka 2008 ikatengenezwa upya kwa Kitelugu na Kibengali.

Uamuzi wa mwisho hautamkwi. Saa iliyookotwa, ikatupwa kwa hasira, ikatafutwa tena, inaonekana kwa Gautam. Nandini akiiona anajua ameachwa, na kwa nani.

Preetham alipokuwa akiitafuta saa hiyo ndipo alipomkuta sungura, akamwita Devadas na kumchukua. Tangu hapo kila asichoweza kumwambia Kanali, mama, wala Nandini, anamwambia huyo mnyama. Siku ya harusi anakataa kuhudhuria, anasimama kuutazama mji kwa mara ya mwisho, kisha anamgeukia sungura. Devadas amekufa.