Nenda na Ndimu

Ukienda yadi kununua jiwe la kaunta ya jikoni, beba ndimu moja, kichupa cha maji, pamba kidogo na asetoni ile ya kufutia rangi ya kucha. Mwenye yadi akikushangaa, mwache ashangae. Atakayeifuta kaunta hiyo kila siku ni wewe.

Wengi tunanunua kwa macho. Bamba linang'aa, tunajiona sura humo, tunatoa pesa. Lakini hata jiwe laini linang'aa likisuguliwa kwa msasa mzuri. Mimi swali langu ni moja: mchuzi wa ukwaju ukimwagika usiku ukakutwa asubuhi, utafutika usiache alama?

Hapo ndipo ndimu inapojibu. Omba kipande kilichokatwa kwenye bamba lilelile unalolitaka. Kamulia matone mawili, ngoja dakika kumi, futa, kisha inama uangalie kwa upande, mwanga ukiteleza juu ya jiwe. Ukiona duara lililofifia, hilo ni marumaru au lina chokaa ndani yake, hata kama umeambiwa ni graniti. (Nasema marumaru kwa maana ya jiwe lenyewe, si vigae ambavyo madukani navyo huitwa hivyo.) Ukilipapasa duara hilo kwa kidole utahisi ukavu kidogo, tofauti na ulaini wa pembeni yake. Hilo si doa, na sabuni hailitoi: asidi imeshalila jiwe. Kwa jiko letu, ambako ndimu, siki na nyanya ni za kila siku, marumaru ni kujitafutia kazi. Terazo nayo, ambayo sakafuni naipenda sana, ina saruji na mara nyingi chembe za marumaru, kwa hiyo inalika vilevile.

Graniti halisi haijali ndimu. Imejaa madini magumu ya kwatzi na feldspa, hata kisu cha kawaida hakiichori. Tatizo lake ni vinyweleo. Dondoshea maji, ukae robo saa. Yakibaki yamesimama kama shanga na jiwe halikubadilika rangi, vizuri. Pakiwa peusi, jiwe hilo linakunywa, na kinachokunywa maji kitakunywa mafuta ya kukaangia na manjano pia. Linaweza kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, ila dawa hiyo huisha na itabidi kurudia. Kwa kawaida, mawe meusi yenye chembe ndogo zilizobanana hunywa kidogo kuliko meupe yenye chembe kubwa. Mengi kati ya hayo meusi wanajiolojia hawayaiti graniti kabisa. Kwa jikoni hilo lisikusumbue. La kukusumbua ni jeusi la kupakwa rangi. Lowesha pamba kwa asetoni, sugua upande uliong'arishwa. Pamba ikitoka nyeusi, aga uondoke.

Kuna pia mawe ya kiwandani, chembe za kwatzi zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Hayanywi maji wala hayahitaji dawa, na kwa mtu asiyetaka usumbufu ni mazuri kweli, mradi asiyawekee sufuria iliyotoka motoni, maana gundi huungua na alama haitoki. Mimi bado nasita, kwa sababu ya vumbi lake. Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 2024 kwa jinsi vumbi la kuyakata lilivyoharibu mapafu ya mafundi. Vumbi la graniti nalo si salama. Nikikuta vijana wanakata jiwe kavukavu, bila maji, bila barakoa, siwapi kazi yangu wenye yadi hiyo.

Vigae ni nafuu na vyenyewe ni imara, lakini grauti katikati yake hunywa kila kitu. Ukivichagua, chukua vikubwa ili mistari iwe michache.

Jiwe zuri nalo huharibiwa na ufungaji. Jikoni kwangu kwa kwanza fundi alitoboa tundu la sinki akaacha pengo bila silikoni. Juu graniti ilikuwa safi kabisa; chini, maji yalikuwa yakiingia kwenye kabati la MDF taratibu, mpaka likavimba na mlango ukagoma kufunga. Tangu hapo nachunguza kingo kuliko uso. Pitisha ukucha kwenye kiungo: usikwame. Angalia pembe za ndani za tundu la sinki: ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Kisha papasa chini ya ukingo wa mbele. Fundi anayejua kazi huchonga hapo mfereji mwembamba, ili maji yadondoke sakafuni badala ya kutambaa hadi kwenye milango ya kabati. Kabla hujamlipa hela ya mwisho, mwaga kikombe cha maji ukingoni, chuchumaa, uone yanadondokea wapi.